Vikuku vya Mwambani

Majina ya watu wote nitakaowasema humu ninayo. La bwana mawe ninalo, na la baba yake, maana alinitajia siku moja tukichekecha udongo. La mwenyekiti ninalo, la mpishi Mnyamwezi ninalo, na ya wanawake waliokuwa kisimani siku ile ninayo, mmoja mmoja, pamoja na yale waliyoitwa utotoni kabla ya kutolewa mwali. Sitayaandika. Wengi wamekufa na wameacha watoto, na watoto hawana kosa. Mjukuu wangu ninayekaa naye hapa Pangani ya Kibaha ananiambia, bibi, habari isiyo na majina nani ataiamini. Nimemwambia asiyeamini aende Kisarawe akalitazame handaki. Bado lipo.

Kuandika nilijifunza nikiwa na watoto, katika darasa la watu wazima, ndani ya ghala la korosho. Kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka, msomaji anisamehe. Kichwa changu hakipandi wala hakishuki.

Kwetu ni kule mbele, ukielekea Chole ya Kisarawe. Mtu akisikia Kisarawe hufikiri vilima vya kijani na ukungu wa asubuhi. Hiyo ni Kisarawe ya bomani. Kwetu kulikuwa na mgongo wa mawe, mrefu, mkavu, mvua ilikuwa ikiutazama na kupita. Mwamba wake ni wa mchanga, tabaka jekundu juu ya tabaka la kijivu, ukiupiga jembe unamong'onyoka kama mkate uliolala. Juu hapaoti kitu ila miiba. Lakini chini yake, pale mgongo unapoishia, palikuwa na kisima kisichokauka, na karibu na kisima palikuwa na nyumba ya mama yangu, mikorosho yake, na kaburi la baba nyuma ya jiko. Hapo ndipo nilipozaliwa, na hapo ndipo mama alipotaka kufia. Alikuwa akisema waziwazi, bila huzuni, kama mtu anayesema atapanda muhogo upande gani: "Mimi mtanilaza hapa, kushoto kwake. Msinipeleke kwa watu."

Mama alikuwa kungwi. Msichana akivunja ungo upande wetu ule, alikuwa akiletwa kwake, anafundwa, anakaa ndani mpaka siku ya kutolewa. Sasa nitaandika jambo ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mwanamume. Siku ya kutolewa, kungwi alikuwa akimvalisha mwali kikuku cha waya wa shaba uliosokotwa. Mwali anakivaa siku ya ngoma. Kesho yake asubuhi wanawake peke yao wanampandisha mgongoni, mpaka penye ufa mmoja mwembamba katika mwamba, mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko. Mwali anakivua kikuku, anakisukuma ndani ya ufa. Kungwi anamwambia, "Utoto wako umebaki humu. Usirudi kuutafuta." Kisha kiapo: mwanamume asijue. Ukimwambia mwanamume, mwamba utakausha tumbo lako na la binti yako. Basi ufa ule ulikuwa umekula vikuku tangu mabibi wa mabibi zetu, na hakuna aliyejua vingapi.

Uhuru ulinikuta ndani, mwali. Watu walikwenda Dar es Salaam kutazama bendera, mimi nikasikia ngoma kwa mbali kupitia ukutani. Nilipotolewa, mama alinisokotea kikuku changu kwa nyuzi tatu. Wenzangu wote walivaa vya nyuzi mbili. Hakuniambia kwa nini, na mimi sikuuliza. Mtoto wa kungwi hajaliwi hadharani. Nilikisukuma ufani, nikashuka, mwaka uliofuata nikaolewa.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, maana hapa mbele itaonekana kama nasema kinyume. Alikuwa mtu aliyechoka kulima mchanga.

Ulikuja ule ukame wa miaka ya sabini, wa unga wa njano wa msaada, na mbuzi wake mmoja akapotea. Akapanda mgongoni kumtafuta. Mbuzi hakumwona. Alirudi na jiwe mfukoni, akaliweka juu ya kinu mbele yangu. Lilikuwa jiwe la mchanga kama mengine, ila ubavu mmoja ulikuwa wa kijani, kijani cha mgongo wa kinyonga.

"Umeliokota wapi?"

"Kule juu, chini ya ufa mmoja hivi. Pana ukijani umeteremka mwambani kama machozi."

"Katupe. Mawe ya kule si mazuri."

"Si mazuri vipi?"

"Si mazuri tu."

Akacheka. "Wewe na mama yako kila kitu si kizuri. Hii ni shaba, mke wangu. Niliona mawe kama haya nilipokuwa kibarua kwa Wahindi, walikuwa wameyaweka dirishani."

Alilipeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akalipeleka bomani. Sisi tukasahau, au mimi nilijifanya nimesahau. Miezi ikapita, kisha siku moja landrova ikapanda njia ya kisimani na kuvunja mti wa limau wa mama.

Aliyeshuka alikuwa kijana Mtanzania, mwembamba, miwani, amesoma ng'ambo. Tulikuwa na bwana shamba na bwana afya, basi huyu tukamwita bwana mawe. Alimwendea mama kwanza, akamwamkia shikamoo kwa kuinama, akaomba radhi kwa mti wa limau. Mama akaitika marahaba, akamwambia miti huota. Walipendana siku ile. Mpaka leo sina baya la kumsema kijana yule, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ningekuwa nalo ningepumzika.

Walipiga kambi karibu na kisima. Mume wangu alifanywa msimamizi wa vibarua, kwa kuwa jiwe lilikuwa lake. Akapewa filimbi. Wanawake watatu tuliajiriwa kuchekecha udongo, bwana mawe alisema mkono wa mwanamke unajua chekeche. Na kwa kuwa mimi nilikwishajua tarakimu, nilikabidhiwa kalamu ya kuandikia namba kwenye vifuko.

Kazi ilikuwa hivi. Wanaume wanavuta kamba kutoka chini ya mgongo mpaka juu, kila hatua kadhaa wanachimba kishimo, wanatoa udongo. Sisi tunauanika, tunauponda, tunauchekecha, ule laini kama unga tunautia katika kifuko cha kitambaa. Bwana mawe anachukua kidogo kwa kijiko, anautia katika kichupa chenye dawa ya kijani, anatikisa. Dawa ikibaki kijani, hamna kitu. Ikigeuka nyekundu, ni shaba. Alitueleza kwamba zamani, kabla ya watu, pale palikuwa na maji, mchanga ukawa unatulia tabaka juu ya tabaka, na kwamba shaba husafiri na maji ya chini na kupenda kukaa pale tabaka jekundu linapokutana na la kijivu. "Mgongo wenu huu," alisema, "una sura yake hasa."

Mpishi wa kambi alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu, na mtani hana adabu wala hadaiwi adabu.

"Nyie Wazaramo," alikuwa akiniambia akikoroga sufuria, "Mungu amewapa shaba, nyie mmeilalia mnapiga ngoma juu yake."

"Na nyie mmepita hapa tangu enzi za babu zenu, na mizigo ya watu kichwani," nikamjibu. "Hamkuiona. Shingo zilikuwa zimezama mabegani."

"Shingo ya babu yangu ilizama kwa kazi. Ya babu yako ilizama kwa usingizi."

Siku nyingi zilikwenda hivyo, kwa kucheka, kwa sababu dawa ilikuwa ikibaki kijani. Kamba baada ya kamba, kijani. Mume wangu alianza kununa. Mimi nilikuwa nikirudi nyumbani mwepesi.

Kamba ya mwisho ilipita chini ya ufa.

Kifuko nilikiandika mwenyewe. Bwana mawe alitia kijiko, akatikisa, na dawa ikageuka nyekundu kama maji ya ubuyu. Akachukua kichupa kingine, kikawa vilevile. Akavua miwani akaifuta. Mume wangu akapuliza filimbi ingawa hakukuwa na mtu wa kuitwa, wote tulikuwa pale. Wenzangu wawili wa chekeche walinitazama. Na wao vikuku vyao vilikuwa mle.

Sasa lazima nieleze habari ya kijiji, la sivyo hasara yetu haitaeleweka. Ilikuwa miaka ya kuhamishiwa watu vijijini. Sehemu nyingine watu waling'olewa makwao wakashushwa porini. Sisi tulikuwa na bahati: mpimaji alikwishakuja, akakiona kisima kisichokauka, akaamua kijiji cha ujamaa kijengwe palepale. Wengine waje kwetu. Nyumba ya mama ingekuwa katikati ya kijiji, na mikorosho yake ingebaki, na kaburi lingebaki. Vigingi vya upimaji vilikuwa vimepigwa, kimoja kilikuwa mlangoni pa jiko lake, na yeye alikuwa akikianikia vitambaa.

Baada ya vichupa vile kuwa vyekundu, mwenyekiti aliitisha mkutano. Alisema penye madini ya taifa hapajengwi kijiji. Ramani inabadilika, tutakwenda uwandani, mwendo wa saa mbili, karibu na barabara. Mtu mmoja akauliza maji yapo? Mwenyekiti akasema maji yatakuja.

Kesho yake kisimani wanawake walisimama na ndoo zao bila kuteka. Tulikuwa saba, na mama wa nane. Alikuwepo mmoja, rika langu, ambaye hakuwahi kukosa neno.

"Basi shaba yetu itakwenda kutengenezewa nyaya za umeme," alisema. "Utoto wangu utawasha taa Dar es Salaam. Mimi mwenyewe nyumbani natumia koroboi."

"Wako utawasha taa ya choo," mwingine akamwambia. Wakacheka.

"Mnacheka," nikasema. "Wanachimba kitu ambacho hakipo. Tunakijua sisi. Mtu mmoja akimwambia bwana mawe maneno matano, kijiji kinarudi hapa."

Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama mama.

Mama aliweka ndoo chini. "Maneno matano yapi?"

"Mama, nyumba yako. Kaburi la baba."

"Nimekuuliza maneno yapi. Yaseme hapa tuyasikie."

Nikainama kushika ndoo yangu.

"Waache wachimbe," mama akasema. "Watachimba watachoka. Mwamba ule umeona Wajerumani na Waingereza. Hawa wa filimbi ndio utawaogopa?" Halafu akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya kungwi na si ya mama. "Una binti nyumbani. Kumbuka tumbo la nani linaapiwa."

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Usiku na mchana nilimtazama tumboni kama mtu anayetazama mtungi aliouazima.

Naomba nieleweke. Siku hizi mtu anaweza kusema, kiapo tu, mambo ya kizamani. Wakati ule nilikuwa nimeona wanawake tasa, na nilikuwa nimesikia sababu zinazotajwa. Lakini pia nilikuwa nimeiona ramani mpya. Nilikaa baina ya hayo mawili wiki nzima, udongo ukinipita mkononi.

Ijumaa asubuhi, kabla wengine hawajafika, nilikwenda kambini peke yangu. Njiani nilipishana na yule rika langu wa maneno mengi anatoka kuchota maji. "Mapema leo," akasema. Nikamwambia ndiyo.

Nilidhani nitamkuta bwana mawe peke yake. Alikuwa anakunywa chai, na mpishi yupo, na mume wangu yupo, wameinamia karatasi.

"Shikamoo, mama," bwana mawe akasema. Alikuwa akiniamkia hivyo ingawa tulikaribiana umri.

"Marahaba. Nina neno."

"Karibu."

Nilimtazama mume wangu. Nilimtazama mpishi. Nilipaswa kusema, njoo kando, mwanangu, nikwambie. Hata hivyo kando angekuwa mwanamume vilevile. Nikasema, "Kule kwenye ufa hakuna shaba."

Mpishi akaacha kukata vitunguu. Bwana mawe hakucheka. Alivuta kiti, akanikaribisha niketi, mimi nikabaki nimesimama.

"Umejuaje, mama?"

"Najua."

"Kuna mtu aliwahi kuchimba pale? Kuna kitu kiliwahi kuwekwa?"

Aliuliza hivyo hivyo. Kuna kitu kiliwahi kuwekwa. Miaka yote hii swali lile ndilo linaloniamsha. Mtu alinifungulia mlango, akausimamia, akaushika usijifunge, na mimi nikasimama nje. Ningesema ndiyo tu. Ndiyo si siri, ndiyo haina kikuku ndani yake.

"Hapana," nikasema. "Ila hakuna shaba."

Mume wangu akakunja karatasi. "Msamehe, bwana. Mama yake ndiye anayemtuma. Bibi yule hataki kuhama, anatafuta njia."

"Mama," bwana mawe akaniambia taratibu, "kichupa hakina ndugu wala shamba. Kingekuwa kijani ningekwambia kijani."

Nikarudi kwenye chekeche langu.

Mikorosho ya mama ilikatwa kwanza, ili gari lenye mashine lipate njia ya kupanda. Vibarua waliokata walikuwa watoto wa majirani, watu aliowafunda mama zao, na mume wangu alisimama na filimbi mdomoni bila kuipuliza. Baadaye mgambo walikuja kuezua paa. Mama aliwapa maji ya kunywa. Akachukua kinu, mkeka, msahafu wa baba na jembe. Kaburini alisimama kidogo, akang'oa nyasi mbili tatu, kama atarudi kesho kumalizia. Kisha akatembea mbele yetu mpaka uwandani, saa mbili, hakukubali kupanda trekta.

Handaki lilianza wiki hiyohiyo. Lilianzia chini, likapanda kuufuata ule ukijani, na mashine ilipofika kwenye ufa mwamba ukafunguka kama boga.

Mimi nilikuwa pale, na kalamu yangu. Kwanza walitoa udongo wa kijani, mlaini, wakashangilia. Halafu kibarua mmoja akainua kitu, akakifuta kwa kidole. Akainua kingine. Vikaanza kutoka kwa mafungu, vimeshikana kwa kutu ya kijani, vingine vimekwisha kabisa, ukivishika vinakuwa unga. Vidogo vya mikono ya watoto. Wanaume wakasimama wakavitazama. Hakuna aliyewaambia ni nini, lakini kila mmoja alikuwa na mama na dada, na kila mmoja aliwahi kuona kikuku mkononi siku ya ngoma na kesho yake kisionekane. Niliona nyuso zao zikielewa, mmoja baada ya mwingine.

Yule mtani wetu Mnyamwezi alikuwa amepanda na chai. Akatazama handakini, nikajua anatafuta tusi la kunirushia. Aliweka birika chini akavua kofia.

Bwana mawe alishuka handakini mwenyewe na nyundo yake ndogo. Aligonga tabaka jekundu, akagonga la kijivu, akafuata mwamba kushoto na kulia mbali na ufa. Akatia udongo wa huko katika vichupa. Kijani. Kijani. Akaketi juu ya rundo la mawe, akanitazama.

"Mama, ulijua."

"Nilikwambia hakuna shaba."

"Hukuniambia, mama." Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza."

Mume wangu alirudi nyumbani jioni na kikuku kimoja. Cha nyuzi tatu. Kilikuwa hakijaoza sana, cha mwaka wa Uhuru kitaoza lini. Sikujua alikichagua kwa sababu kilikuwa kizima au kuna mtu alimwambia kuna kimoja tu cha nyuzi tatu. Alikiweka juu ya kinu, palepale alipoliweka jiwe.

"Filimbi nimeirudisha," akasema. "Watu wananiita fundi bangili. Miaka kumi na zaidi nalala nawe kitanda kimoja, wewe unaniacha nichimbe utoto wako mbele ya watu."

"Nilikuwa nimeapa."

"Na mimi uliniapia nini siku ya ndoa?"

Hatukuachana. Tulikaa pamoja mpaka akafa, akanizalisha wengine wawili, lakini hakuniuliza tena kitu ambacho jibu lake lingekuwa na uzito. Aliuliza chumvi iko wapi.

Kambi ilivunjwa. Nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba sasa tutarudi. Nikaenda kwa mwenyekiti mwenyewe. Akaniambia ramani imekwisha pitishwa, nyumba zimekwisha hesabiwa, na nani atarudi kukaa kando ya shimo? Akaniambia tena, akitabasamu, kwamba wanawake tuna siri nyingi, na taifa halijengwi kwa siri. Kisima kikawa kinatumiwa na ng'ombe wa watu wapitao.

Lakini lililobaki ndilo lililoniua.

Nilimpelekea mama kikuku uwandani. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha nyumba ya mabati aliyopewa, nyumba ya mstari, haina mti.

"Wanaume wamevigusa?" akauliza.

"Wamevigusa."

"Wamejua ni vya nini?"

"Wamejua, mama."

Akajivutia kanga mpaka puani. "Nani alisema?"

"Hakuna aliyesema. Walichimba wakavikuta."

"Mwamba mrefu ule, watu wachimbe wafike kwenye ufa, kwenye ufa tu, bila kuonyeshwa." Akanitazama. "Ulionekana Ijumaa, asubuhi, unakwenda kambini. Mapema."

Nikamweleza. Vichupa, dawa ya kijani, dawa nyekundu, maji ya chini ya ardhi. Nikamweleza nilikwenda na nikarudi bila kusema. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo, hata masikioni mwangu. Mtu aliyenyamaza hana shahidi. Mashahidi wangu walikuwa mume asiyenitaka, mpishi aliyerudi Tabora, na kijana aliyepanda landrova akaenda zake.

"Nyumba yangu uliipenda sana," mama akasema. "Nakusamehe kwa hilo. Kiapo si changu nikakusamehe."

Kikuku hakukipokea.

Aliishi uwandani masika moja. Maji tulikuwa tukimpelekea kwa ndoo kutoka kisimani petu, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na alikuwa akiyanusa kwanza kabla ya kunywa. Kipindupindu hakikumpata, homa haikumpata. Alikonda tu. Hakuwahi kunitukana, alinikaribisha, alikula nilichopika. Ila mwali akiletwa kufundwa, alikuwa akiniambia, "Wewe nenda kapumzike," na mlango unafungwa.

Alipokufa nilifika na sanda na karafuu maiti. Mtoto wa kike ndiye anayemwosha mama yake, hilo halina mjadala kwetu. Wanawake wazee walikuwa wamekwisha zungusha kanga. Yule wa maneno mengi alikuwa mlangoni, na siku ile hakuwa na maneno mengi.

"Wewe utachota maji," akaniambia.

"Ni mama yangu."

"Tunajua. Utachota maji, dada."

Nikachota maji. Nilikuwa nikifika mpaka penye kanga, mkono unatoka, unachukua ndoo, unarudisha tupu. Nilisikia wakimgeuza. Nilisikia wakimsemesha kwa upole, kama mwali. Hawakumlaza kushoto kwa baba. Upande ule palikuwa na kifusi cha handaki na jeneza halingepita. Alilazwa uwandani, kwa watu.

Binti yangu alikua, akatolewa mwali bila kikuku, maana hapakuwa na pa kukiweka. Akaolewa Mlandizi. Akazaa watoto sita, na mjukuu huyu ninayekaa naye ni wake. Kila alipojifungua salama, wenzake walikuja na uji na pongezi, na mimi peke yangu nilikuwa nahesabu jambo jingine: kila mtoto aliyezaliwa alikuwa shahidi kwamba sikusema. Nilimbeba wa kwanza nikaenda naye uwandani kaburini kwa mama, nikasimama naye pale. Nikang'oa nyasi.

Yule wa maneno mengi alikuwa hai bado. Aliniona natoka kaburini na mtoto mgongoni, akamfunua kanga usoni, akamtazama sana. Akasema, "Mzuri. Kafanana na marehemu mama yako." Akaenda zake. Sita walizaliwa na hakuwahi kusema zaidi ya hapo, naye amekwisha kufa.

Basi leo nimesema. Ufa, vikuku, maneno ya kungwi, yote nimeyaandika, na wanaume watakaotaka kusoma wasome. Binti yangu amekwisha kukoma kuzaa, na mimi nina tumbo gani la kukaushwa. Jana nilimpa mjukuu kile kikuku cha nyuzi tatu akishike wakati nikiandika. Alikivaa. Alipokivua, mkono ulikuwa na alama ya kijani, akauliza, bibi, hii inatoka?

Nimemwambia akaoshe kwa maji na majivu. Inatoka.